Biopsi kushoto, keratosi kulia: kabla hujabandika 59

SWALI

Shikamoo dada. Niko Arusha, naandaa madai ya bima kwa niaba ya kliniki za Marekani. Nilizoea madai ya mgonjwa kumwona daktari na kuondoka, sasa nimepewa kliniki ya ngozi. Kuna dai la mgonjwa wa Medicare, bima ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, limenitatiza. Daktari alichukua biopsi ya kukwangua (kipande cha ngozi cha kupimwa) kwenye mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, nikaandika msimbo wa kazi hiyo, 11102. Kikao hicho hicho akagandisha keratosi mbili (madoa magumu ya ngozi yanayoletwa na jua), moja kwenye panja la kulia na nyingine juu ya kiganja cha kulia, nikaandika 17000 kwa doa la kwanza na 17003 kwa la pili. Biopsi na 17000, mmoja umelipwa na mwingine umerudi na sababu namba 236. Msimamizi ananiambia, "Tia 59, rudisha." Sijarudisha, kwa sababu sielewi ninatamka nini ninapotia modifaya hiyo, yaani alama ya ziada mwishoni mwa msimbo. Na XS ni ya nini? Halafu kama 59 inafungua kila kitu, RT (kulia) na LT (kushoto) ziliwekwa kwa kazi gani?

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kurudisha, na vyema zaidi kuondoa jina, tarehe na umri wa mgonjwa. Wapo wanaonitumia picha ya faili zima, nami naishia kuifuta bila kuisoma.

Nianze na jibu lenyewe. Kwa mgonjwa huyu 59 siyo yake. Andika 11102-LT, 17000-RT na 17003-RT. Biopsi ilikuwa kushoto, madoa yaliyogandishwa yote mawili yako kulia, na mwongozo wa Medicare unaizungumzia jozi hii hii ya biopsi na ugandishaji: kazi zikifanyika pande mbili za mwili, tumia RT na LT. 59 au XS huingia pale sehemu ni tofauti lakini ziko upande mmoja, na hakuna modifaya ya mwili inayozitenganisha. Ile 59 ya msimamizi wako huenda ingelipwa, kwa kuwa mashine haisomi faili la daktari. Anayelisoma ni mkaguzi, naye huja baadaye, pesa ikiwa imeshaingia na kutumika.

Sasa tuone kwa nini dai lilirudi. Namba 236 maana yake misimbo miwili ya siku moja imegongana kwenye majedwali ya NCCI. Huu ni utaratibu ambao Medicare iliuanzisha mwaka 1996 ili kazi moja isilipwe mara mbili kwa kuvalishwa misimbo miwili. Majedwali yana jozi za misimbo, safu ya kwanza na safu ya pili, na husasishwa kila robo mwaka: Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Ukituma misimbo yote miwili ya jozi kwa mgonjwa mmoja, daktari mmoja, siku moja, wa safu ya kwanza unalipwa na wa pili unakataliwa. Pembeni ya kila jozi kuna kiashiria. Kikiwa 0, usipoteze muda, hakuna modifaya itakayoifungua. Kikiwa 9, jozi hiyo ilishafutwa. Kikiwa 1, inaweza kufunguliwa endapo kilichofanyika mwilini kinaruhusu, na hiyo "endapo" ndiyo kazi unayolipwa kuifanya.

Jozi yako ina kiashiria 1, na sababu ya kuwepo kwake ukiitazama utaiona haina uonevu. Daktari akikwangua doa halafu akaligandisha doa lile lile, amelishughulikia doa moja. Bima haioni sababu ya kulipa ukwanguaji kando na uharibifu wa doa hilo hilo. Dai lako lisipotaja sehemu za mwili, linasomeka hivyo: doa moja, misimbo miwili. Modifaya ndiyo inayoitamkia bima kwamba hapana, doa la kwanza liko mkono wa kushoto na haya mengine yako kulia. Hilo ndilo jibu la "ninatamka nini". Unatoa tamko kuhusu mwili wa mgonjwa, na tamko hilo lazima daktari awe ameshaliandika kabla yako.

Modifaya zinazotambuliwa na NCCI kwa kufungua jozi si nyingi. Kuna zinazotaja mahali: LT na RT kwa kushoto na kulia, E1 hadi E4 kwa kope, kuanzia kope ya juu ya kushoto, FA na F1 hadi F9 kwa vidole vya mkono, TA na T1 hadi T9 kwa vidole vya mguu, na zile za mishipa ya moyo, LC, LD, LM, RC na RI. Kwenye vidole, FA ni gumba la kushoto, F1 hadi F4 ni vidole vingine vya kushoto, F5 ni gumba la kulia, kisha F6 hadi F9. Miguuni ni vivyo hivyo, TA ni kidole kikubwa cha kushoto na T5 ni cha kulia. Zikariri. Wenzetu wengi hukosea hapo kwenye F5 na T5, wakidhani gumba la kulia nalo lina A yake.

Kuna zinazohusu mgonjwa kuonwa na daktari, hasa 25, na zinazohusu kipindi cha uangalizi baada ya upasuaji, kama 58, 78 na 79. Hizo tuziache leo. Mwishoni mwa foleni ndipo ilipo 59, pamoja na wadogo zake wanne walioletwa tarehe 1 Januari 2015: XE kwa kikao tofauti cha siku hiyo hiyo, XS kwa kiungo au sehemu tofauti, XP kwa mtoa huduma tofauti, na XU kwa huduma isiyo ya kawaida ambayo haigusani na ile kuu. Zilizaliwa kwa sababu 59 ilikuwa imegeuka ufunguo malaya. Kila mlango uliofungwa ilitiwa, bila mtu kusema kwa nini. XS inasema jambo lile lile ambalo 59 ingesema kuhusu sehemu tofauti, ila inalisema kwa uwazi zaidi. Medicare inapokea yoyote kati ya hizo mbili, lakini usizitie pamoja kwenye mstari mmoja. Mimi nikiwa na hiari huandika XS, kwa kuwa hata mimi mwenyewe nikirudi kwenye dai miezi sita baadaye nitajua nilimaanisha nini.

Zingatia ambazo hazimo. 50, 51, 76 na 22 hazifungui jozi ya NCCI hata ukizirundika zote. 50 ni kwa upasuaji ule ule uliofanywa pande zote mbili, mfano kufungua njia ya mshipa wa neva kwenye vifundo vya mikono yote miwili, 64721-50, ambayo Medicare huilipa asilimia 150 ya bei ya upande mmoja. Haisemi kwamba kazi mbili tofauti zilifanyika mahali pawili.

Badilisha kidogo habari za mgonjwa wako uone. Tuseme keratosi ingekuwa juu ya pua, katikati kabisa. Pua haina kushoto wala kulia, kwa hiyo RT ingekuwa uongo. Hapo XS au 59 ndiyo yake. Au tuseme biopsi na keratosi zote ziko mkono wa kushoto, moja chini ya kiwiko na nyingine begani. Upande ni mmoja, madoa ni mawili yasiyogusana, XS tena. Na kama keratosi moja ingekuwa panja la kulia na nyingine mkono wa kushoto, usianze kubuni LT ya huku na RT ya kule ndani ya 17000 na 17003. Tumia XS yakaisha. Bima binafsi nazo zina mambo yao: zipo zinazorudisha RT na LT kwenye misimbo ya ngozi na kutaka 59 pekee. Soma mwongozo wa bima husika, na ukipata maandishi yao yahifadhi kwenye faili. Nilichokueleza mimi ni cha Medicare.

Kuhusu mstari upi upewe modifaya, kuanzia tarehe 1 Julai 2019 Medicare inaikubali 59 au moja ya zile nne za X kwenye msimbo wa safu yoyote kati ya mbili. Kabla ya hapo ilikuwa lazima iwe safu ya pili. Bima nyingine bado zinashikilia utaratibu wa zamani, kwa hiyo fungua jedwali la robo mwaka ya siku ya huduma uangalie safu. Nimesema siku ya huduma. Wengi hufungua jedwali la leo kwa dai la mwaka jana.

Tunapofika kwenye "sehemu tofauti" ndipo pana utata wenyewe, kwa sababu macho yako na macho ya Medicare hayaoni mwili kwa namna moja. Kwao, sehemu tofauti ni kiungo kingine, eneo jingine la mwili, au doa jingine lisilogusana na la kwanza. Tishu zinazopakana katika kiungo kimoja ni sehemu moja. Kucha, nyama iliyo chini yake na ngozi inayoizunguka ni sehemu moja. Miundo ya nyuma ya jicho moja ni sehemu moja.

Kliniki za miguu ndizo zitakazokufundisha hili haraka kuliko kitabu. Mgonjwa wa kisukari anakuja, daktari anachonga sugu moja, 11055, na kupunguza kucha nene tatu, 11720. Je, unatenganisha? Inategemea sugu iko wapi. Ikiwa chini ya wayo, kwenye mzizi wa vidole, hiyo ni sehemu mbali na kucha, na 59 au XS inakubalika. Ikiwa kwenye kidole kile kile chenye kucha iliyopunguzwa, kuanzia ngozi ya juu ya kiungo cha mwisho kuelekea ncha, basi kwa Medicare ni eneo la kucha hiyo, na msimbo ni mmoja. Tofauti ya sentimita mbili inaamua dai. Daktari akiandika "sugu mguu wa kulia" na kunyamaza, huna cha kusimamia. Usichanganye pia na Q7, Q8 na Q9 utakazoziona kwenye madai hayo hayo. Hizo zinaeleza hali ya mzunguko wa damu na neva za mguu ili huduma ya kawaida ya miguu ikubalike kulipwa, hazitenganishi sehemu.

Kwenye utumbo mpana mambo ni rahisi zaidi. Daktari ameondoa polipu moja (kinyama kilichoota) kwa kitanzi, 45385, na kwingine akachukua biopsi, 45380. Kama ni vidonda viwili, andika 45380-59. Kama alichukua biopsi ya polipu kisha akaiondoa polipu hiyo hiyo, ni 45385 peke yake. Hapa sihitaji maneno mengi kwenye ripoti, nataka tu majina mawili ya mahali: hii ilikuwa utumbo unaopanda, ile ilikuwa sigmoidi, karibu na mwisho wa utumbo.

Bega ndilo linalowaliza watu. Bega moja, kwa Medicare, ni sehemu moja, hata kama daktari wa mifupa ataapa kwamba alifanya kazi vyumba viwili tofauti vya kiungo hicho. Akishona kano kwa kamera, 29827, na kusafisha kidogo ndani ya bega hilo hilo, 29822, usafishaji umo ndani ya kazi kuu. Modifaya ungeitia kama usafishaji ulikuwa bega la upande wa pili. Usafishaji mkubwa, 29823, umepewa ruhusa maalumu kuandikwa pamoja na 29827, 29824 au 29828, lakini ripoti lazima ionyeshe kwamba kweli ulikuwa mkubwa. Madaktari watakulalamikia kuhusu hili. Nami nakubaliana nao kwamba sheria haifuati anatomia kama wanavyoijua wao. Ila dai halipelekwi kwenye darasa la anatomia.

Jambo jingine ambalo msimamizi wako anaweza kukuambia ni kwamba magonjwa ni tofauti, basi inatosha. Haitoshi. Msimbo wa ugonjwa tofauti hauthibitishi sehemu tofauti. Doa moja linaweza kubeba majina mawili, na madoa mawili yanaweza kubeba jina moja. Hata hivyo elekeza kila mstari kwenye ugonjwa wake: keratosi ni L57.0, iende na 17000 na 17003. Biopsi iende na ugonjwa wake. Na kwa kuwa tuko kwenye ngozi, chunga D48.5. Watu huitumia kwa kila biopsi inayosubiri majibu, wakidhani "isiyojulikana" ni kutojua kwetu. D48.5 ni kwa tishu ambayo mtaalamu wa maabara ameiona kwa darubini akashindwa kuamua tabia yake. Kama majibu hayajaja, au subiri yaje, au tumia D49.2, ya uvimbe ambao tabia yake bado haijatajwa.

Turudi kwenye faili la daktari, maana huko ndiko modifaya zinakokufa. Mwaka 2005 ofisi ya mkaguzi mkuu wa wizara ya afya ya Marekani ilitoa ripoti kuhusu matumizi ya 59 katika mwaka wa fedha 2003. Asilimia 40 ya jozi zilizofunguliwa kwa 59 hazikustahili, na Medicare ilikuwa imelipa dola milioni 59 kimakosa. Ndiyo, milioni 59. Hata mimi nilicheka. Katika hiyo asilimia 40, asilimia 15 ya jozi zote zilikuwa kazi ambazo hazikuwa tofauti hata kidogo, sehemu ile ile na kikao kile kile. Asilimia 25 zilikuwa tatizo la kumbukumbu: maelezo hayakutosha kuthibitisha chochote. Yaani sehemu kubwa ya balaa ilitoka kwenye karatasi, na huenda baadhi ya madaktari hao walifanya kazi halali kabisa.

Kwa hiyo kabla hujagusa modifaya, tafuta kwenye maelezo mambo haya kwa kila doa: upande, mahali hasa, na kilichofanywa. "Biopsi ya kukwangua, mkono wa kushoto upande wa nje, sentimita nne chini ya kiwiko" ni maelezo. "Biopsi x1, naitrojeni x2" ni orodha ya sokoni. Ukikuta ya pili, mwulize daktari, na mwulize swali lililo wazi: "Naomba utaje mahali pa kila doa lililoshughulikiwa." Usimwandikie, "Je, ilikuwa pande tofauti ili dai lilipwe?" Swali la namna hiyo linaweka jibu mdomoni mwake, na likikutwa kwenye barua pepe wakati wa ukaguzi litageuka ushahidi dhidi ya kliniki. Daktari anaweza kuongeza maelezo aliyoyasahau, mradi aweke tarehe ya siku anayoyaandika na saini yake, bila kuyachomeka kana kwamba yalikuwepo tangu mwanzo.

Kuhusu pesa, usimwahidi mwenye kliniki mengi. Jozi ikifunguka, kanuni ya kazi nyingi za siku moja bado ipo: yenye bei ya juu inalipwa yote, inayofuata kwa kawaida asilimia 50. 17003 haipunguzwi, kwa kuwa ni msimbo wa nyongeza. Kwa kolonoskopi, yaani uchunguzi wa utumbo mpana kwa kamera, hesabu ni nyingine. 45380 na 45385 zina msingi mmoja, 45378, na ile ya pili inalipwa tofauti tu kati ya bei yake na bei ya msingi huo. Usishangae ukiona malipo madogo ukadhani dai limekosewa tena. Na mstari ukibaki umekataliwa kwa NCCI, mgonjwa hatozwi, hata kama alitia saini fomu ya kukubali kulipa mwenyewe.

Utarudishaje dai hili? Kwa bima nyingi binafsi unatuma dai lililorekebishwa lenye namba 7 kwenye kisanduku cha 22 cha fomu ya dai pamoja na namba ya dai la awali. Medicare sehemu B, inayolipia huduma za madaktari, haipokei njia hiyo, na ukituma dai jipya litarudi kama nakala ya lile la kwanza. Omba dai lifunguliwe upya kwa kosa la kiuandishi. Una mwaka mmoja tangu uamuzi wa kwanza. Kama kampuni inayosimamia madai ya Medicare katika jimbo hilo haikubali kuongeza modifaya za namna hii kwa njia hiyo, kata rufaa ya ngazi ya kwanza ndani ya siku 120 na uambatanishe maelezo ya daktari.

Kwa msimamizi wako, usibishane kwa mdomo. Mwandikie mistari miwili: biopsi mkono wa kushoto, keratosi panja na kiganja cha kulia, kwa hiyo LT na RT, na unukuu ukurasa wa maelezo ya daktari ulipoyakuta. Akisisitiza 59, mwombe akuandikie hivyo.